Sikio la Kuume

Débora alikuja mbio kutoka uani, akamkuta mama yake amechuchumaa mbele ya mbabula, anapuliza makaa ili chai ichemke. Mtoto alikuwa na furaha hata miguu haitulii. Akamzunguka mama yake kwa nyuma, akazungushia viganja sikio lake la kuume, akasogeza kinywa kama wafanyavyo watoto wenye siri, akavuta pumzi ya kuanza.

Kofi lilitoka lenyewe.

Mtoto akaanguka kando ya ndoo. Hakulia mara moja. Alimtazama kwanza mama yake, kama anauliza ni nani huyu. Priscille naye alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, ungedhani ni wa jirani. Alitaka kusema pole, lakini ikatoka sauti ya kukwaruza, kama mlango wa bati ukiburutwa kwenye sementi, na Débora ndipo akaangua kilio.

"Priscille! Unamupiga mutoto juu ya nini?" Alikuwa Mama Léonie, mama yake mzazi, aliyefika juzi kutoka Bogoro na kibuyu cha maziwa. Aliona yote akiwa mlangoni.

"Sijui, mama. Amenisongea kwa sikio."

"Kwa sikio! Sasa mutoto akiwa na siri na mama yake atasemea wapi? Kwa goti?"

Alimnyanyua mjukuu wake, akampangusa vumbi, akamkalisha pajani. Débora hakutaka tena kusema siri ile. Alifumba kinywa, akawa anasukuma kitu ndani kwa ulimi.

Mama Léonie alimtazama binti yake kwa muda, macho yakamjaa machozi. Huyu si mtoto niliyemzaa, alisema. Huyu wamempa kitu.

Sasa nikuambie ndugu yangu, hakuna mtu wa Bunia asiyeijua sauti ya Priscille. Pengine sura yake huijui, ungepishana naye sokoni umpige kikumbo bila hata kumwomba radhi. Lakini saa ya mchana, redio ikifunguliwa Bigo, Lumumba, Mudzipela, mpaka vijijini kule Aveba ambako mtu hupanda kichuguu ili ashike mawimbi, ni yeye. Ndiye anayesoma komunike za vifo. Familia ya fulani inasikitika kuwatangazia ndugu na marafiki. Matanga yako nyumbani kwa marehemu. Mwenye kusikia amwambie na mwenzake. Watu wanaacha kijiko katikati ya sahani kumsikiliza, maana mji huu kila nyumba iko na mtu barabarani, na mtu wa barabarani katika Ituri hii hujui atarudi namna gani. Priscille alisoma jina la kila maiti kana kwamba aliwahi kula naye. Kuna wazee walioagiza kabisa: siku yangu ikifika, nisomwe na yule mama.

Ile sauti ndiyo ilikuwa inamkimbia sasa. Nyumbani haikuja kabisa au ilikuja imekwaruzika. Kazini taa nyekundu ikiwaka ilitoka safi, kama mbwa aliyefundishwa, na taa ikizimika ilirudi kujificha. Na si sauti peke yake. Usingizi ulimwacha zamani. Nywele zilibaki kwenye kitana. Moyo ulimdunda hata amekaa anachambua maharagwe, simu ikilia aliruka, tumbo lilichoma asubuhi mpaka jioni. Rémy, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima tansiyo, ile presha ya damu, akapima tena mkono mwingine, hakuamini. "Mama, weye bado kijana. Hii ni tansiyo ya muzee. Kazini iko sawa?"

"Iko sawa."

"Nyumbani?"

"Iko sawa."

Rémy akampa vidonge, akamwambia ukweli bila kuzunguka: ikiendelea hivi, mshipa wa kichwa utapasuka siku moja, na mtoto wako atalelewa na watu. Vidonge vilishusha kidogo. Akiwa na juma la mapumziko ilishuka zaidi. Akirudi kazini, ilipanda palepale ilipokuwa.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kuna nini huko kazini. Na familia ilijiuliza, wala usiwaone wajinga. Ila jibu lao lilikuwa lile tunalolijua sote huku kwetu: mtu akikauka bila ugonjwa wenye jina, kuna mkono uliotia kitu katika kikombe chake. Mama Léonie alikuwa amemnywesha maziwa na mafuta ya mawese ili atapike. Alitapika, akatapika mpaka nyongo, na hakuna kilichotoka.

Kilichokuwa ndani hakikuingilia kinywani. Kiliingilia kwenye kaske.

Kaske ni yale masikio ya plastiki msomaji anayoyavaa studio. Katika sikio la kushoto Priscille alijisikia mwenyewe. Katika sikio la kuume kulikuwa na njia ya amri: waya kutoka mikro ndogo ya kusemea juu ya meza ya direkta, mkubwa wa redio, ili aweze kumwambia msomaji harakisha, rudia jina, ngoja muziki. Waya ule husikika kwa msomaji tu. Mji mzima haupati kitu.

Direkta Stéphane alikuwa mtu mpole, hilo usilisahau. Kiongozi wa kwaya. Hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Familia ya Priscille ilipokimbia vita Bogoro na kulala chini ya turubai, ndiye aliyempa kazi, na Mama Léonie alimtaja katika sala zake kila asubuhi. Kisha ikaja misheni ya Mahagi, safari ya kazi ambayo Priscille alikwenda naye. Kule, jioni, direkta alisema vyumba vimejaa, kumebaki kimoja. Priscille akajibu kwa heshima, "Direkta, miye niko bibi ya mutu," akaenda kulala kwa masista. Stéphane alicheka, akasema hakuna shida kabisa, mama, hakuna shida.

Jumatatu yake, katikati ya komunike ya kwanza, sauti ile ya kwaya ikaingia katika sikio la kuume, taratibu.

"Umekosa."

Hakuwa amekosa. Aliendelea kusoma.

"Umekosa tena. Unapumua kama ng'ombe ya kuzaa. Wafiwa wanakucheka, Priscille. Huyu maiti umemuua mara ya pili. Watu wanafunga redio. Soma, soma, usisimame, umekosa."

Na yeye huku anasema kwa mji, polepole, kwa huzuni nzuri: matanga yako nyumbani kwa marehemu. Komunike zikiisha, direkta hutoka ofisini mwake, mbele ya wote, anatabasamu: "Asante, Priscille. Kazi nzuri." Mtu utamshitaki kwa lipi? Kwa kukusifu? Siku moja alijaribu kumwambia Julien, mume wake. Julien ni mwalimu, tena mtu mwema, lakini alisema, "Shefu akikusahihisha, ni kazi yake. Hajakugusa, si ndiyo?" Ni kweli, hakuwa amemgusa. Ikapita miaka mitatu, kila mchana, bila kumgusa.

Mtu mmoja tu alijua: Espérance, fundi wa mitambo, aliyekaa nyuma ya kioo. Siku moja kaske yake iliharibika, akachomeka nyingine kwenye tundu lisilo lake, akasikia maneno yale ya sikio la kuume. Tangu siku ile akawa anamletea Priscille chai ya tangawizi katika termosi, kila siku kabla ya komunike. Na kila siku, kwa adabu ya kwetu, alimimina, akaonja kwanza yeye mwenyewe, ndipo akampa mwenzake. Kikombe kimoja, watu wawili. Kilikuwa kitu pekee ambacho tumbo la Priscille halikukataa.

"Tuseme," Espérance alimwambia mara nyingi.

"Ngoja kwanza."

"Mpaka lini? Mpaka nikusomee weye komunike?"

Hatimaye walikubaliana. Jumatatu inayokuja, komite ya wenye redio itakaa. Wataingia wote wawili. Priscille atasema, na akikwama, Espérance atasema alichokisikia kwa masikio yake. Bila yeye ni neno la mwanamke mmoja mgonjwa dhidi ya kiongozi wa kwaya. Basi Priscille alikuwa anaishi kwa Jumatatu ile. Ilikuwa keshokutwa tu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile, alipompiga mwanawe. Aliondoka kwenda kazini bila kunywa chai, mkono bado unamwasha. Na Mama Léonie, alipobaki, alifunga kitenge chake kizuri, akamshika Débora mkono. Hakuweza kungoja tena. Kama watu wa kazi ile wanamuua mtoto wake, kuna mkubwa wa kazi ile, mtu wa Mungu, anayestahili kuambiwa.

Alifika wakati Espérance anamimina. Alisimama kwenye lango la redio, akaona yote kwa macho yake: binti yake, ambaye nyumbani hata maji yanamshinda, anapokea kikombe kutoka mkononi mwa mtu baki, tena anakunywa kwa hamu.

"Kumbe!" alisema Mama Léonie. "Ni hapa!"

Direkta alitoka ofisini kwa sauti ile. Mama Léonie akapiga goti, akaamkia, akaanza kulia. "Direkta, baba, mutusaidie. Mutoto tulikupa muzima. Sasa iko anakauka, sauti inaisha, leo amemupiga mutoto wake bila sababu. Nyumbani hanywi kitu. Anakunywa hapa. Anakunywa ile ya huyu mama."

Priscille alishuka ngazi mbio. "Mama, hapana..." Lakini ilikuwa mkwaruzo tu, na mama yake alikuwa hamsikilizi.

Espérance alisimama na termosi, haamini. "Mama, mi huwa naonja mbele yake. Kila siku. Muulize."

"Kuonja! Unafikiri siye ni watoto? Sumu inakaa chini ya kucha. Mutu anaonja, kisha anatumbukiza kidole wakati wa kukupa. Onyesha mikono!"

Loo, na hapo ndipo bahati mbaya ilipokuwa inangoja. Espérance alikuwa amefuga ukucha mmoja, wa kidole gumba, mrefu na mgumu, kwa kufungulia skurubu ndogo za nyaya. Kila fundi pale alijua kazi ya ukucha ule. Lakini mlinzi aliuona, mwandishi wa habari aliyekuwa anapita akauona, mama waliokuja kuleta komunike za maiti wao wakauona. Mmoja wao akamvuta mtoto wake karibu.

"Ni ya kazi!" Espérance alisema. "Ni ya skurubu. Direkta, si weye unajua?"

Direkta Stéphane alitazama ukucha ule kwa muda. Kisha akasema, kwa upole, "Mimi siwezi kuhukumu mutu." Akamgeukia Priscille. Akamwekea mkono begani, mbele ya mama yake. "Priscille, sema weye mwenyewe. Hapa hakuna wa kuogopa. Nani anakuumiza hapa kazini?"

Ebu fikiria. Ni yeye aliyeuliza. Mbele ya watu, mchana kweupe, kwa sauti ileile.

Priscille alifungua kinywa. Aliona uso wa Espérance, akaona mama yake kwenye vumbi na kitenge chake cha kanisani, akaona Débora anamwangalia na shavu limevimba. Neno lilikuwa moja tu: weye. Alilijua, alikuwa nalo kwenye ulimi. Na katika sikio la kuume, bila kaske, bila waya, akasikia waziwazi: Umekosa. Alisukuma, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakatoka, sauti haikutoka. Hata ule mkwaruzo haukutoka. Aliinua mkono ili amwonyeshe kwa kidole, mkono haukuelekea popote, ukashuka.

"Munaona?" Mama Léonie alipiga yowe. "Munaona! Mbele yake hata kusema hawezi!"

"Pole, mama," alisema direkta. "Pole sana." Akatikisa kichwa kama mtu anayebeba mzigo wa wengine. "Espérance, ukae kwanza nyumbani. Mpaka roho za watu zitulie. Jumatatu nitaielezea komite miye mwenyewe, usijisumbue kuya."

Espérance alimimina chai yote iliyobaki, bado inafuka, akainywa pale mbele ya wote mpaka tone la mwisho, macho yanamtoka kwa moto. Akafunga termosi.

"Priscille," alisema, na midomo imeungua. "Weye unajua."

Akapita katikati ya watu. Walimwachia njia pana, pana kuliko heshima. Priscille alimfuata hatua chache mpaka langoni, kisha kengele ya studio ikalia. Saa ya komunike ilikuwa imefika na maiti hawangoji.

Fundi hakuwapo, kwa hiyo direkta mwenyewe alikaa mitamboni, nyuma ya kioo, mahali pa Espérance. Kabla ya kukaa alituma waletewe chai. Akamimina kikombe, akaonja mbele ya Mama Léonie ili mzee aone, kisha akampa Priscille kwa mikono miwili. Mama Léonie alipiga makofi ya shukrani kimyakimya, kama mtu aliye kanisani. Akapewa kiti barazani, chini ya redio ya mlinzi, na muhindi wa kuchoma kwa ajili ya mjukuu wake.

Priscille alivaa kaske. Taa nyekundu ikawaka.

Na sauti ikaja. Ilikuja nzuri kuliko siku zote, nzito, yenye machozi ya kweli ndani yake, ikatoka barazani, ikatoka katika maduka ya Bigo na kwenye simu za madereva wa pikipiki kando ya bulivadi, na watu waliacha vijiko vyao. Familia inasikitika kuwatangazia. Kule kwenye njia ya kurudi kwake, Espérance aliisikia kutoka kibanda cha kunyolea. Akasimama. Alijua kuvisikia vile vituo vidogo kati ya jina na jina, ambavyo mji wote uliviona ni heshima kwa marehemu. Leo vilikuwa vingi. Alisimama mpaka mwisho, na termosi kifuani.

"Sikia," Mama Léonie alimwambia mlinzi. "Sikia ile sauti! Yule mutu ametoka dakika chache tu, na mutoto wangu amepona. Aksanti Yesu."

Nyuma ya kioo direkta alikuwa amesema maneno machache tu siku ile. Alisema, "Sasa tumebaki wawili."

Komunike zilipoisha alimsindikiza hadi barazani, anatabasamu. "Kazi nzuri, Priscille. Mama, mumpeleke apumzike. Jumatatu tutaanza vizuri." Na Mama Léonie akambariki, yeye, watoto wake na kwaya yake.

Débora alikuwa amesimama pembeni, ngumi imefungwa. Ule muhindi ulikuwa umemaliza kazi iliyoanza asubuhi.

"Enda," koko wake, Mama Léonie, alimsukuma polepole. "Mama yako amepona. Mwambie ile siri yako, hatakupiga tena."

Mtoto alisogea hatua moja, akangoja, akasogea nyingine. Priscille alipiga magoti pale kwenye vumbi jekundu. Alimpa sikio. Na ili mkono wa kuume usifanye tena lile la asubuhi, aliukamata kwa wa kushoto, akaubana kwenye paja kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka. Lakini alikaa. Mungu anajua ilivyomgharimu, alikaa. Débora akazungusha viganja viwili, akasema siri yake yote, ndefu, na pumzi yake ilikuwa ya joto na ya muhindi.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alikwaruza Priscille.

"Nimesema nini?"

Priscille alifungua kinywa. Katika sikio lile hapakuwa na sauti ya mtoto wake. Palikuwa na ile nyingine, taratibu, inasema sasa tumebaki wawili, sasa tumebaki wawili. Alitazama midomo ya Débora, labda itarudia. Akaona pengo jipya mbele, na damu kidogo kwenye ufizi, na hakuelewa.

"Rudia, mama yangu," alisema. "Rudia, huku upande huu."

Débora alimtazama sana. Alifungua ngumi kidogo, akalichungulia jino lake mwenyewe, ili ahakikishe bado lipo.

"Basi," alisema.

Akafunga ngumi, akaenda kushika mkono wa koko wake.